Mtani Kaburini: Kicheko, Kifo na Siku Inayojirudia katika Filamu ya Happy Death Day

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mvuto wa filamu za muuaji wa kisu zenye mzaha, hususani zile ambazo matukio yake yanafungwa ndani ya siku moja inayojirudia. Mfano mkuu ni Happy Death Day (2017) iliyoongozwa na Christopher Landon, pamoja na mwendelezo wake, Happy Death Day 2U (2019). Uhakiki unaongozwa na dhana ya utani wa msibani kama unavyofahamika Tanzania, ambapo mtani huruhusiwa kukifanyia kifo mzaha mbele ya wafiwa kwa sharti la kutimiza wajibu wake katika msiba huo. Makala yanadai kwamba kicheko cha filamu hizi kinatokana na muundo unaomwezesha mhusika mkuu kuingia kaburini na kutoka mara nyingi, mpaka akabiliane na msiba aliokuwa akiukimbia. Makala yanaonesha pia kwamba filamu ya kwanza inakiuka masharti ya utani pale inapoua watu wasio na wa kuwalilia, na kwamba filamu ya pili inajaribu kulipa sehemu ya deni hilo.

1.0 Utangulizi

Filamu za muuaji wa kisu ni zile ambazo mtu mmoja, mara nyingi akiwa amefunika uso kwa barakoa, huwawinda na kuwaua watu wengine mmoja baada ya mwingine. Wanaouawa aghalabu ni vijana. Halloween ya John Carpenter (1978) na Friday the 13th ya Sean S. Cunningham (1980) ziliuimarisha utanzu huu nchini Marekani, na Scream ya Wes Craven (1996) ikaufanya utanzu ujitazame na kujicheka. Katika Tanzania, filamu za kutisha zilichukua njia nyingine. Kazi za Mussa Banzi kama vile Nsyuka na Shumileta zilichota hofu yake kutoka katika majini na viumbe wa imani za wenyeji. Kwa mtazamaji wa Arusha, basi, muuaji wa kisu ni mgeni aliyeingia kupitia kanda, diski na baadaye simu.

Mgeni huyu amepokelewa vizuri na vijana, lakini hajapokelewa vizuri na wahakiki. Filamu za aina hii huwekwa kando kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba zinafanana mno. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba zinakifanya kifo kuwa mchezo. Filamu inapoongeza kichekesho juu ya damu, lawama hiyo huongezeka: inawezekanaje mtu acheke wakati binti anachomwa kisu?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, na si swali jepesi. Makala yameandikwa Themi, kata ya Jiji la Arusha inayobeba jina la mto uteremkao kutoka upande wa Mlima Meru. Hapa Waarusha na Wameru wanaishi jirani na Wachaga, Wapare, Warangi na watu wengine wengi waliohamia kwa kazi, biashara na masomo. Katika mazingira haya msiba hauko mbali na mtu yeyote, na turubai linalofungwa uani kwa ajili ya wafiwa ni jambo la kawaida mtaani. Hata hivyo, ni katika mazingira haya haya ambapo watu hucheka msibani, tena kwa sauti, na hakuna anayewaona kuwa wamekosa adabu, kwa kuwa wanaocheka na kuchekesha ni watani. Iwapo jamii ina taasisi kongwe inayoruhusu kicheko mbele ya maiti, basi mhakiki wa jamii hiyo ana chombo cha kuihoji filamu inayocheka mbele ya kifo. Makala haya yanajaribu kukitumia chombo hicho.

2.0 Msingi wa Uhakiki: Utani wa Msibani

Utani ni uhusiano unaowaruhusu watu wa makundi mawili, yawe makabila, koo au ndugu wa aina fulani, kutukanana, kunyang'anyana vitu na kudhihakiana bila kuudhika. Moreau (1944) alikusanya taarifa za uhusiano huu katika Tanganyika, na Radcliffe-Brown (1940) aliueleza kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uhasama wa kuigiza, ambapo yule anayetaniwa hatakiwi kukasirika. Watani wa kikabila wanaofahamika nchini ni pamoja na Wachaga na Wapare, Wangoni na Wahehe, Wazaramo na Wanyamwezi. Asili za tani hizi hutofautiana. Nyingine zinahusishwa na vita vya zamani vilivyokwisha kwa maelewano, na nyingine na safari za biashara zilizowakutanisha watu njiani.

Kilele cha utani ni msiba. Mtani wa marehemu huja akiwa amevaa nguo za ajabu, huiga mwendo na usemi wa marehemu, humlaumu kwa kufa bila kulipa deni, na huwatoza waombolezaji fedha kwa makosa ya kubuni. Katika baadhi ya jamii hufika hatua ya kujitosa ndani ya kaburi lililo wazi na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Beidelman (1966), katika uchunguzi wake wa Wakaguru, alionesha kwamba utani unafungamana na fikra za jamii hiyo kuhusu kifo, ujinsia na ukwe.

Mambo matatu ya utani wa msibani yatatumika katika uchambuzi. La kwanza ni ruhusa: mtani anaweza kusema na kutenda kile ambacho mfiwa hawezi. La pili ni kurejea: mtani aingiaye kaburini hutoka, na kutoka kwake akiwa hai ndiko kunakowavunja watu mbavu. La tatu ni wajibu. Mtani hachekeshi tu. Ndiye mara nyingi anayechimba, anayebeba, anayepika na anayehakikisha kwamba mfiwa amekula. Mzaha wake unalipiwa kwa kazi. Anayecheka msibani bila kufanya kazi hiyo hahesabiwi kuwa mtani, na watu humwona kuwa hana adabu.

Inafaa kusisitiza kwamba makala haya hayadai kuwa watengenezaji wa filamu wa Marekani waliufahamu utani. Dai ni la upande wa usomaji: dhana iliyokomaa katika jamii moja inaweza kuangaza kazi ya jamii nyingine, kama ambavyo dhana ya tanzia ya Wayunani imetumika kwa miaka mingi kuhakiki tamthiliya za Kiafrika.

3.0 Filamu na Mpango Wake

Happy Death Day iliandikwa na Scott Lobdell na kutengenezwa na kampuni ya Blumhouse kwa bajeti ya chini ya dola milioni 5, kiasi kidogo kwa viwango vya Hollywood, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 120 duniani. Mhusika mkuu ni Theresa Gelbman, aitwaye Tree, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeigizwa na Jessica Rothe. Tree anaamka siku yake ya kuzaliwa katika chumba cha kijana asiyemjua vizuri, Carter. Anamdharau Carter, anapuuza simu ya baba yake, anaitupa keki ndogo aliyopewa na Lori anayeishi naye chumba kimoja, na anaendeleza uhusiano na mwalimu wake aliye na mke. Usiku, akielekea kwenye sherehe, anauawa na mtu aliyevaa barakoa yenye uso wa mtoto mchanga, ambao ndio nembo ya timu za chuo hicho. Mara anaamka. Ni asubuhi ile ile, katika chumba kile kile.

Mpango wa siku inayojirudia haukuanza hapa. Groundhog Day ya Harold Ramis (1993), ambamo Bill Murray anaigiza mtangazaji wa hali ya hewa aliyenaswa katika siku moja, ndiyo iliyoufanya ufahamike sana. Happy Death Day inaikiri asili hiyo waziwazi: Carter anaitaja filamu hiyo, na Tree hajawahi kuiona. Jambo jipya ni kuunganishwa kwa tanzu mbili ambazo kila moja ina kasoro inayotibiwa na nyingine. Siku inayojirudia hukosa hatari, kwa kuwa lolote litakalotokea leo litafutwa kesho. Filamu ya muuaji wa kisu hukosa uhusika, kwa kuwa watu hufa kabla mtazamaji hajawafahamu. Tanzu hizi zinapounganishwa, kila siku inapata mwisho wa hatari, na anayeuawa anapata muda wa kufahamika.

Clover (1992) alieleza kwamba filamu za muuaji wa kisu humwacha hai msichana mmoja wa mwisho, ambaye kwa kawaida ni makini, mwenye tahadhari na asiye na anasa za wenzake. Kwa kanuni hiyo, Tree ni mtu wa kufa mapema. Ni mlevi, ni mwenye majivuno, na ana mahusiano asiyopaswa kuwa nayo. Siku inayojirudia inamfanya afe wa kwanza na bado awe wa mwisho kubaki. Filamu inakataa kugawa watu katika wanaostahili kufa na wanaostahili kuishi. Badala yake inamchukua yule ambaye utanzu umezoea kumtupa, na inauliza angekuwa nani kama angepewa nafasi ya kufa na kurudi.

4.0 Uchambuzi

4.1 Raha ya Kujua Kabla

Chanzo cha kwanza cha mvuto ni maarifa. Katika filamu ya kawaida ya kutisha, mtazamaji hajui muuaji atatokea wapi, na taharuki hujengwa juu ya kutojua huko. Katika Happy Death Day, mtazamaji hujifunza asubuhi ya Tree kama anavyojifunza kiitikio cha wimbo: simu inalia, Carter anasema maneno yake, nje kuna msichana anayekusanya saini, vinyunyizio vya maji vinafunguka, king'ora cha gari kinalia, kijana mmoja anazirai. Mara ya kwanza matukio hayo ni kelele za mandhari. Mara ya tatu Tree anayatamka kabla hayajatokea, na mtazamaji anacheka kwa sababu yeye pia alikuwa anayasubiri.

Hadhira ya Kiswahili inaifahamu raha hiyo. Ngano zetu nyingi zina wimbo unaorudiwa kila mhusika anapofika njia panda au anapokutana na zimwi. Hadhira huuimba pamoja na fanani, na hakuna anayelalamika kwamba wimbo umeshaimbwa. Urudiaji huo humpa msikilizaji nafasi ya kushiriki, na mabadiliko madogo katika urudiaji wa mwisho ndiyo hubeba ukombozi. Muundo wa Happy Death Day ni huo huo: kiitikio kinabaki, na kinachobadilika ni mwitikio wa mhusika.

Kuna pia historia ya karibu zaidi. Katika mabanda ya video ya Tanzania, filamu za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na wafasiri waliosema juu ya sauti za filamu zenyewe. Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliopata umaarufu kwa kazi hiyo, na Krings (2015) ameichambua kwa kina. Msimulizi wa namna hii ameshaiona filamu. Anajua nani atakufa, na anaweza kumdokezea mtazamaji, kumcheka mhusika au kumwonya asiyeweza kumsikia. Yeye ni mtu wa kesho aliyekaa katikati ya leo. Tree naye ni msimulizi wa aina hiyo aliyeshushwa ndani ya hadithi: anaijua hadithi kuliko wenzake wote, anaitania, lakini kisu kitampata yeye. Mtazamaji aliyelelewa katika banda la video haoni ugeni katika mhusika anayetangulia matukio kwa maneno.

4.2 Kuingia Kaburini na Kutoka

Chanzo cha pili ni kile kilicholipa makala haya jina. Tree anauawa njiani usiku wa kwanza. Siku ya pili anaikwepa njia hiyo, na muuaji anamfikia kwenye sherehe. Siku ya tatu anajifungia chumbani na kuuawa humo humo. Baada ya Carter kumshauri autumie mzunguko huo kumtafuta muuaji, Tree anaanza kuwapeleleza watuhumiwa mmoja mmoja, na kila kosa linaishia katika kifo kinachofuatwa papo hapo na kuamka kwa ghadhabu. Sehemu hii ndiyo inayochekesha zaidi. Kicheko hakiji wakati wa kuuawa. Kinakuja wakati wa kuamka, yaani pale ambapo mtu tuliyemwona akizikwa na giza anarudi akiwa amekasirika kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Huo ndio mzaha wa mtani kaburini. Watu waliozunguka kaburi wanajua kwamba shimo lile ni la kweli na limechimbwa kwa ajili ya mtu wa kweli. Mtani anapojitosa humo, moyo unashtuka. Anapotoa kichwa na kudai fedha ya soda, mshtuko ule ule unageuka kuwa kicheko. Kwa nukta moja kaburi limeshindwa, ingawa kila aliyepo anajua kwamba baada ya muda mfupi litafukiwa, na aliyemo hatatoka. Kicheko hakifuti ujuzi huo. Kinawapa watu pumzi ya kuubeba.

Barakoa ya muuaji inalitia nguvu wazo hili. Uso wa mtoto mchanga unakuja na kisu katika siku ya kuzaliwa. Bakhtin (1965) aliona katika kicheko cha sherehe za umma wa Ulaya ya kale picha za kuzaliwa na kufa zilizofungwa katika mwili mmoja. Barakoa hii ni picha ya jamii hiyo, kwani kila anayekufa katika filamu hii anakaribia kuzaliwa tena asubuhi.

Hata hivyo, filamu haiachi kaburi liwe mchezo mtupu. Tree anaanza kudhoofika. Anazirai, anapelekwa hospitalini, na picha za mwili wake zinaonesha majeraha ya ndani ambayo kwa kawaida yangekuwa yameshamuua. Vifo vilivyofutwa na kalenda havijafutwa na mwili. Uamuzi huu wa watunzi una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Bila huo, filamu ingekuwa mzaha usiolipiwa. Kwa huo, inatimiza sharti la tatu la utani: anayecheza na kifo anakifanyia kazi, na kazi hiyo inamchosha.

4.3 Msiba Uliofichwa

Kwa nini siku hii, na kwa nini binti huyu? Filamu inajibu taratibu. Tree alikuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa pamoja na mama yake, kwani walizaliwa tarehe moja, na mama huyo amefariki. Simu anayoikata kila asubuhi ni ya baba anayetaka wale pamoja chakula cha mchana katika siku hiyo. Ulevi, majivuno na mahusiano ya Tree ni njia za kutokuwepo mezani pale. Kabla muuaji hajafika, Tree alikuwa tayari amenaswa katika siku moja, siku ambayo mama hayupo.

Hapa ndipo mzaha na msiba vinapokutana. Matanga kwetu yana mpangilio wake: watu hukusanyika, hulala msibani, hula pamoja, na baada ya siku zilizowekwa matanga huanuliwa ili wafiwa warudi katika kazi zao. Arobaini na ibada za kumbukumbu hufuata. Mpangilio huo unaupa msiba mwanzo na mwisho. Asiyepitia matanga hana siku ya kuyaanua. Maisha ya miji yanazalisha watu wengi wa namna hiyo. Arusha ni mji ambao marehemu wengi husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, na anayeshindwa kusafiri, kwa sababu ya mtihani, nauli au zamu ya kazi, hubaki na msiba usio na turubai. Anarudi kazini Jumatatu kana kwamba hapakuwa na jambo. Kwa mtu huyo, wazo la siku inayokataa kwisha mpaka msiba uliomo ukabiliwe ni maelezo sahihi ya hali yake.

Filamu inatimiza matanga hayo kwa namna ya kawaida sana. Katika mojawapo ya siku za mwisho, Tree anakwenda kula na baba yake, na kwa mara ya kwanza wanazungumza juu ya mama. Ni tukio la meza, sahani na watu wawili, bila damu. Lakini mtazamaji aliyecheka kwa saa nzima anajikuta ametulia. Kicheko kimemlainisha, kama mtani anavyomlainisha mfiwa aliyekuwa amekauka machozi ili hatimaye alie.

4.4 Kufa kwa Ajili ya Mwingine

Tukio lenye uzito zaidi ni lile la mnara wa kengele. Carter amekuja kumwokoa Tree na ameuawa na John Tombs, mhalifu aliyekuwa akishikiliwa hospitalini. Tree anamzidi nguvu Tombs na yuko karibu kumuua. Ghafla anatambua kwamba akimaliza siku hii akiwa hai, Carter atabaki amekufa. Anaacha ushindi wake na kujiua kwa kamba ya kengele ili siku irudi. Hadi hapo Tree alikuwa akifa ili ajue. Sasa anakufa ili mwingine aishi. Maana ya kuingia kaburini imebadilika.

Utatuzi wa fumbo nao unakuja kwa kurudi kwenye kitu kidogo kilichotupwa asubuhi ya kwanza. Tombs anauawa, Tree anasherehekea, anakula ile keki ndogo, kisha anaamka tena katika siku ile ile. Ndipo anapobaini kwamba keki ilikuwa na sumu, na kwamba muuaji alikuwa Lori, mwenzake wa chumbani mwenye wivu juu ya mwalimu yule yule. Alikuwa amemtafuta adui wa mbali ilhali kikulacho kilikuwa nguoni mwake.

5.0 Mipaka ya Kicheko

Mpaka hapa makala yameitetea filamu. Lakini dhana ya utani inabana kama inavyotetea, na kuna mambo mawili ambayo filamu haiwezi kuyakwepa.

La kwanza ni kifo cha Lori. Tree anamsukumia keki mdomoni na kumpiga teke kupitia dirishani, na filamu inamalizia kwa mzaha. Lori haamki. Kwa kuwa mzunguko unakatika baada ya hapo, kifo chake ndicho kinachohesabika, na hakuna anayemlilia. Utani haufanyi hivyo. Mtani humcheka marehemu mbele ya watu wanaompenda, na mzaha wake hupata maana kutokana na machozi yao. Kumcheka maiti asiye na mfiwa ni kumwaibisha. Kwa kipimo hiki, dakika za mwisho za filamu zinarudi katika tabia ya zamani ya utanzu, ile ya kuua na kupita.

La pili ni kujiua. Tukio la mnara lina uzito na maana, lakini filamu ya pili inaligeuza wazo hilo kuwa mfululizo wa vichekesho, ambapo Tree anajiua kwa njia mbalimbali ili kuirudisha siku. Mtazamaji anaelewa kwamba ni kanuni za hadithi. Hata hivyo, ruhusa ya mtani haijawahi kuwa ya mambo yote. Mtani mwenye busara huchunguza kwanza mtu amekufaje kabla hajafungua kinywa, na kuna vifo vinavyomfanya apike na kubeba maji kimya kimya. Filamu haina uangalifu huo, na uhakiki unaoitetea bila kulitaja jambo hili ungekuwa haujatimiza wajibu wake.

Kwa upande mwingine, Happy Death Day 2U inaonekana kulifahamu deni la kwanza. Mtambo wa kisayansi unampeleka Tree katika ulimwengu sambamba ambamo mama yake yu hai. Humo Lori si muuaji. Ni mhanga, na Tree anarudi hospitalini kumwokoa. Aliyekufa bila kuliliwa anapewa mtu wa kumpigania. Kisha Tree anawekwa mbele ya uchaguzi mgumu kuliko kisu chochote: abaki katika ulimwengu wenye mama, au arudi katika ulimwengu wake wenye Carter na kaburi la mama. Anachagua kurudi. Filamu hii ilifanya vibaya zaidi sokoni kuliko ile ya kwanza, na mchanganyiko wake wa sayansi na vichekesho unalegea mahali pengi. Lakini katika uchaguzi huo inatimiza kile ambacho ya kwanza ilikianza. Chakula cha mchana na baba kilifungua matanga. Kuagana na mama kunayaanua.

6.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na swali la jinsi mtu anavyoweza kucheka wakati binti anachomwa kisu. Uchambuzi umeonesha kwamba mtazamaji wa Happy Death Day anacheka kwa sababu tatu zinazohusiana. Anashiriki katika kiitikio anachokijua, anamwona aliyeingia kaburini akitoka, na analainishwa ili aweze kukabiliana na msiba ambao filamu ilimficha mwanzoni. Urudiaji ambao wahakiki wameulaumu katika utanzu huu ndio unaobeba mambo hayo yote. Filamu ya muuaji wa kisu isiyo na urudiaji huo inaua na kusonga mbele. Hii inalazimika kurudi kwa aliyeuawa na kumuuliza alikuwa nani.

Uchambuzi umeonesha pia kwamba dhana ya utani wa msibani inaweza kutumika nje ya maelezo ya mila, kama kipimo cha uhakiki wa kazi za kubuni. Inampa mhakiki maswali yanayojibika: nani amepewa ruhusa ya kucheka, nani analiliwa, na mzaha umelipiwa kwa kazi gani? Maswali haya yanafaa kwa vichekesho vya Tanzania vinavyogusa kifo, na kwa wasimulizi wa filamu wa mabandani ambao walifanya mzaha juu ya vifo vya wageni kwa lugha ya wenyeji. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo ziwahoji watazamaji wenyewe, hasa vijana wa mijini walio mbali na makaburi ya wazazi wao, ili kufahamu wanacheka nini wanapocheka. Katika mitaa ya Arusha mtani bado hufika msibani akiwa amegeuza koti nje ndani, na bado ndiye wa mwisho kuondoka, baada ya vyombo kuoshwa. Filamu yenye mzaha juu ya kifo inastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho: kama imebaki mpaka vyombo vikaoshwa.